Nilivyojifunza kusoma umri wa galaksi zilizoacha kuzaa nyota

Kila nilipokuwa nikisoma habari za galaksi, maelezo yaliishia palepale: gesi baridi ikiisha, au ikipashwa joto na nguvu za shimo jeusi lililo katikati, nyota mpya hazizaliwi tena. Mimi nilitaka kujua yanayofuata. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, na baadhi ya galaksi zilinyamaza, yaani ziliacha kuzaa nyota, mapema mno. Galaksi ya GS-9209, ambayo spektra yake (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) iliyopigwa na darubini ya James Webb ilichapishwa mwaka 2023, ilikuwa imeshanyamaza ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 1.25 hivi. Muda wote uliobaki imekuwa ikifanya nini?

Nilianza na data za SDSS, mradi unaopima anga tangu mwaka 2000 kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico, Marekani. Spektra zake ni bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na kwa hilo nawashukuru sana waliouanzisha.

Nikapakua spektra ya galaksi nyekundu na kuichora. Kwanza inabidi kuondoa athari ya kutanuka kwa ulimwengu: kwa galaksi yenye mhamo mwekundu (kiasi ambacho mwanga umenyooshwa njiani) wa 0.1, mwanga uliotoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 400 unatufikia ukiwa na 440, kwa hiyo kila urefu wa wimbi unagawanywa kwa 1.1. Baada ya hapo mchoro wenyewe unajieleza. Ukitoka upande mwekundu kwenda wa buluu, mwanga unaporomoka ghafla kwenye nanomita 400. Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu, na zikishakufa hubaki nyota baridi ambazo elementi nzito kwenye angahewa zake humeza mwanga wa upande huo.

Poromoko hilo linapimika. Nilichukua wastani wa mwanga kati ya nanomita 400 na 410, nikaugawa kwa wastani wa kati ya 385 na 395. Galaksi inayozaa nyota hutoa 1.2 au 1.3 hivi, iliyonyamaza zamani hupanda hadi 1.7 na zaidi. Wingi wa elementi nzito nao huipandisha namba hiyo, ndiyo maana niliisoma pamoja na mstari wa haidrojeni (mahali ambapo haidrojeni humeza mwanga) ulio karibu na nanomita 410. Mstari huo ukiwa na kina kirefu huku hakuna dalili ya nyota changa, galaksi imenyamaza karibuni, pengine ndani ya miaka bilioni moja iliyopita.

Umri nikawa nimeupata. Kazi ikabaki kwenye ukubwa, na hapa ndipo somo hili liliponishika kabisa. Galaksi kubwa zilizokuwa kimya miaka bilioni 10 iliyopita zilikuwa ndogo mara tatu hadi tano kuliko za leo zenye uzito uleule. Zinatanukaje bila kuzaa nyota? Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya nishati. Galaksi mbili zinazolingana zikiungana, uzito unakuwa mara mbili na nusu-kipenyo mara mbili. Lakini uzito uleule ukiongezwa na vigalaksi vidogo vingi, nusu-kipenyo kinaweza kufika karibu mara nne, maana nyota za vile vidogo hutawanywa pembeni na kiini hakiguswi.

Ushahidi ninaoupenda ni galaksi ya NGC 1277, katika kundi la galaksi la Perseus. Nyota zake kwa jumla zina uzito wa Jua zaidi ya mara bilioni 100, na nusu ya mwanga wake imebanwa ndani ya miaka ya nuru 4,000 hivi kutoka katikati. Inaelekea haikumeza majirani, ikabaki na umbo lake la kale.

Hata hivyo, si ukuaji wote ni wa kumeza. Kila zama huingiza galaksi zilizonyamaza juzijuzi, ambazo zilikuwa kubwa tangu awali, nazo huvuta wastani juu bila galaksi yoyote ya zamani kutanuka. Kwa hiyo sasa sipimi ukubwa kabla ya kuzitenga kwa umri: zenye mstari wa haidrojeni wenye kina kirefu kando, zenye poromoko kubwa kando, kisha kila kundi nalilinganisha na lenzake la uzito uleule.