Dandori: neno nililojifunzia jikoni

Kwenye daftari langu la msamiati wa Kijapani niliandika dandori (段取り), mbele yake nikaweka "mpango", nikaona nimemaliza. Wiki ya kwanza ya kibarua katika mgahawa mdogo wa chakula cha mchana huko Nagoya, Japani, meneja akaniambia taratibu, "Dandori ga warui," yaani dandori yako ni mbaya. Nikashangaa, maana mpango nilikuwa nao mfukoni: kuosha mchele, kukata vitunguu vya majani, kuchemsha supu, kupanga bakuli. Kila kitu kilikuwemo.

Baadaye nilielewa. Ratiba kwa Kijapani ni yotei, na mpango mkubwa, kama wa kampuni au wa maisha, ni keikaku. Dandori iko mikononi. Ni kujua kipi kitangulie kipi, na chombo gani kikae wapi, kabla moto haujawashwa.

Nilichofanya ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Tunafungua saa tano na nusu asubuhi. Wali ukishaiva unataka kutulia kama dakika 10 bila kufunuliwa, na kabla ya kupikwa mchele uloweke nusu saa. Kwa hiyo, ukijumlisha na muda wa kupika, ikifika saa nne na robo mchele uwe umeshaoshwa. Nusu saa hiyo ya kuloweka ndiyo ya vitunguu. Zamani nilikuwa nakata vitunguu kwanza, halafu nasimama mbele ya mchele nikiusubiri, mikono mitupu. Na kombu, ule mwani mkavu wa supu, haungoji asubuhi kabisa: nautia kwenye maji baridi usiku, kabla ya kufunga mlango. Asubuhi nakuta maji yamegeuka rangi ya chai hafifu, yameshakolea ladha. Kazi imefanyika nikiwa nimelala.

Mama mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, huku akifuta kisu, alinipa msemo wa mafundi wao: dandori hachibu, shigoto nibu. Matayarisho sehemu nane, kazi yenyewe mbili. Msemo huu ulinigusa, kwa sababu jambo lenyewe nilikuwa nalijua tangu utotoni, nyumbani Tanga.

Usiku ule nilifuta "mpango" daftarini. Mahali pake nikaandika: mkesha wa harusi, kina mama na nyungo zao wanachambua mchele, kuni zimeshapasuliwa, mafiga yameshategwa uani.