Ugoro Unapofanywa Dawa ya Jino

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, na wagonjwa wangu wengi ni watu waliohama makwao kufuata kazi: wajenzi, wavunaji, walinzi wa usiku. Kila mara nakutana na anayeniambia ugoro ndio dawa yake ya jino. Simgombezi. Jino limemfanya akeshe, alfajiri kazi inamngoja, na asipokwenda halipwi, huku nyumbani wanasubiri pesa. Anabandika ugoro penye maumivu, anapata nafuu kidogo, anapitiwa na usingizi. Mwenzake wa zamu ya usiku anavuta sigara ili asisinzie na njaa imsahau. Ukimwambia mtu huyo "acha tu", hujamsaidia kitu.

Kinachonitia hofu zaidi ni jinsi tumbaku inavyoficha ugonjwa. Fizi zinazougua hutoa damu wakati wa kupiga mswaki, na damu humshtua mtu. Kwa mvutaji, mishipa midogo ya fizi husinyaa, damu haionekani sana, naye anaamini yu mzima. Kumbe mfupa unaoshikilia meno unalika. Anakuja kwangu jino likiwa linacheza, na mara nyingi linabaki la kung'olewa.

Kwa anayeweka ugoro, naanza kwa kufunua mdomo wa chini. Pale pale anapouweka, ngozi laini ya ndani imekuwa nyeupe na kukunjamana, na nikiifuta kwa pamba weupe hautoki. Ufizi umeshuka, mzizi wa jino uko nje, wa manjano. Hapaumi, ndiyo maana hajawahi kuuliza. Baka hilo peke yake si saratani, na akiacha ugoro mara nyingi hufifia. Lakini yapo yanayogeuka. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshathibitisha kwamba tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa. Popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa kwenye tambuu, nayo wameitaja kuwa husababisha saratani, hata isipochanganywa na tumbaku.

Sasa, nikimwambia mhamiaji arudi baada ya wiki mbili, huenda kazi imekwisha na keshahama. Kwa hiyo namwandikia karatasi: baka liko wapi, ukubwa wake, tarehe. Namwambia alipige picha kwa simu yake, ili mhudumu wa huko aendako apate cha kulinganisha. Wanaolala chumba kimoja nawafundisha kumulikana kwa tochi ya simu: chini ya ulimi, pembeni mwake, ndani ya mashavu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe, baka jeupe au jekundu, aende akaonwe hata kama hasikii maumivu.

Wasimamizi wa kazi nawaomba jambo moja tu: mtu akienda kutibiwa jino, wasimkate ujira wa siku hiyo. Baadhi wamekubali, na watu wao sasa wanafika jino likiwa bado la kuzibwa.