Kliniki Kabla Tumbo Halijaonekana

Mimba yangu ya kwanza niliibeba Uyole, Mbeya, mwaka 2019, tukiwa tumepanga vyumba viwili karibu na barabara kuu. Mama mkwe alipoambiwa alifurahi sana, kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu, nyamaza kwanza. Ikae vizuri, tumbo likianza kuonekana ndipo uende kliniki." Alisema kwa mapenzi. Kwao mimba changa haitajwi, maana ikiharibika maneno yanakuwa mengi, na hujui ni jicho la nani. Hata pale mtaani wengi walikuwa wanaanza kliniki mwezi wa tano au wa sita, wengine wanakwenda tu ili wawe na kadi, wasipate usumbufu siku ya kujifungua.

Wifi yangu, muuguzi wa Njombe, alikuwa na lake. Alinipigia usiku, akaongea mpaka salio likaisha, akaendelea kwa namba ya shemeji. Aliniambia Shirika la Afya Duniani lilishabadilisha mwongozo tangu 2016, mahudhurio yakatoka manne yakawa manane, na la kwanza linatakiwa liwe kabla ya wiki 12 kupita. Akaniambia pia kwamba ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huwa vimeshajifunga mwezi mmoja tu baada ya mimba kutungwa, wakati wengine hata hatujajua kama tuna mimba, kwa hiyo dawa ya foliki haifai kusubiri tumbo. "Tumbo halina cha kumwambia nesi sasa hivi, wifi. Damu na mkojo ndivyo vyenye maneno. Nenda."

Nikaamua kwenda. Kwa mama mkwe nilisema nitakwenda kimya kimya, na yeye akaridhika na hilo la ukimya.

Kazi ikawa kumpata mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, na wiki ile alikuwa amekwama Tunduma kwenye foleni ya mpakani akitoka Zambia. Wifi alishanionya kwamba hudhurio la kwanza wanataka mwenza, wapime wote wawili, na aliyekuja na mwenza huitwa mapema. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Mwanjelwa, na msimu wa sare za shule ulikuwa haujaanza, kwa hiyo siku ya kupoteza nilikuwa nayo. Yeye hakuwa nayo. Alipovuka tu akaomba ruhusa kwa bosi wake, akafika nyumbani usiku wa manane na vumbi la njia nzima, na alfajiri tukatoka.

Juni ya Uyole baridi yake inakata. Tulikaa kwenye benchi la nje, wanawake tumejifunika mashuka na vitenge, wanaume wachache wamesimama ukutani mikono mifukoni. Pembeni yangu alikaa binti mdogo, sidhani kama alifika miaka ishirini, mimba yake changa kama yangu. Aliponyanyuka kuandikishwa akaulizwa mwenza yuko wapi. Akasema hayupo. Akaambiwa arudi naye, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akasimama pale kidogo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akavuta kitenge chake akaondoka.

Hili liliniuma na bado linaniuma. Kuwapima wenza pamoja ni jambo jema. VVU na kaswende vikijulikana mapema mama anaanza dawa na mtoto anakingwa. Lakini binti aliyekimbiwa na mwanaume, akajikaza akaja mwenyewe kabla hata tumbo halijatoka, ndiye hasa wa kupokelewa kwa mikono miwili. Barua ya nini? Mwenyekiti wa mtaa anapima presha? Unamrudisha leo, anarudi mimba ina miezi saba, halafu tunalalamika kwamba wanawake wanachelewa.

Sisi tuliitwa. Nesi alikuwa mama wa makamo, sweta ya bluu juu ya gauni jeupe, na hakuwa na haraka. Aliuliza siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani: 10 Aprili. Akatoa duara mbili za karatasi ngumu zilizoshonwa katikati, akazungusha ya juu mpaka mshale ukagusa tarehe, akasoma upande wa pili. Kisha akahakikisha kwa kichwa, akimwonyesha na mume wangu: "Ongeza siku saba, rudisha nyuma miezi mitatu. 17 Januari 2020." Akaiandika kwenye kadi. Mume wangu akaitazama ile tarehe muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Januari mvua zinakuwa nyingi huku. Alishaanza kufikiria barabara.

Nilipimwa uzito, presha, na kimo, maana walio chini ya sentimita 150 huangaliwa kwa karibu zaidi. Mkojo ukaenda kuangaliwa protini na sukari. Nesi akanipa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki, akasisitiza nisivimeze na chai, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kwa mtoto wa Rungwe, aliyekulia katikati ya mashamba ya chai, huo ulikuwa mtihani. Akasema nivimeze na maji, na nile chungwa au pera. Dawa ya kuzuia malaria alisema bado, wanaanza kuitoa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Chandarua nilipewa siku ile ile. Nikasema Uyole hakuna mbu, akaniuliza kama huwa siendi Kyela, kule chini kwenye joto na mbu. Nilikuwa naenda.

Halafu maabara. Kijana wa pale alikuwa ameweka kigae cheupe mbele ya dirisha, akaniruhusu niangalie. Alidondosha damu ya kila mmoja wetu sehemu tatu, akaongeza tone la dawa ya bluu kwenye ya kwanza, ya njano kwenye ya pili, na isiyo na rangi kwenye ya tatu. Akachanganya kwa kijiti, akakiinamisha kigae huku na huku. Kwa mume wangu damu ilikatikakatika vipande vidogo kwenye ya njano na kwenye ile isiyo na rangi. B chanya, akasema. Yangu ikabaki laini kote, sehemu zote tatu. Akarudia na damu nyingine. Ikabaki laini. "Dada, wewe ni O hasi. Hatuwaoni sana wa hivi. Rudi kwa sista umwonyeshe."

Nesi alipoisoma kadi aliweka kalamu chini. Akanieleza taratibu: damu ya baba ni chanya, yaani ina alama iitwayo Rhesus ambayo yangu, iliyo hasi, haina, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa chanya. Wakati wa kujifungua, au mimba ikiharibika, au nikitokwa na damu, ya mtoto inaweza kuingia kwangu, na mwili wangu ukaiona ni adui ukatengeneza kinga dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida anapona. Wanaofuata ndio wanaoshambuliwa humo humo tumboni. Kuna sindano ya kuzuia, inaitwa anti-D; inachomwa wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Pale kituoni hawakuwa nayo.

Kisha akauliza swali la kawaida tu la kujaza historia: "Mama yako alizaa wangapi?"

Nilinyamaza kwanza. Mama alizaa mara nyingi, na tulio hai ni kaka yangu, kifungua mimba wake, na mimi. Wengine walizaliwa wamekufa. Mmoja alizaliwa analia vizuri, akageuka njano, kesho yake akafariki. Nilikulia na makaburi yale madogo nyuma ya migomba. Nesi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Siwezi kusema ni hilo bila kumpima. Lakini mwambie akapime."

Safari ya maandalizi ilianzia hapo. Huduma ya wajawazito kwenye vituo vya serikali hailipiwi, lakini sindano ile ilibidi tuitafute wenyewe, na bei yake iliipita kodi yetu ya miezi kadhaa. Kama ningesubiri tumbo lionekane, wiki ya 28 ingenikuta sina hata mia. Kwa kuwa tulijua tangu Juni, niliweka kidogo kidogo kwenye kikoba, na mume wangu akawa anauliza kwenye maduka ya dawa kila mji aliosimama. Nilipewa rufaa kwenda hospitali kubwa mjini, wakanipima kuona kama mwili wangu haujaanza kutengeneza ile kinga, na ilikuwa bado. Mwenye duka la dawa aliyetuagizia alituonya kwamba sindano ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande wala isipate joto, kwa hiyo tuliibeba ndani ya kiboksi cha barafu, mume wangu ameikumbatia kwenye daladala toka stendi ya Kabwe, hapo hapo Mbeya.

Mama nilimfuata nyumbani, juu ya Tukuyu, wala sikutaka kumwambia kwa simu. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, na alipoelewa akaacha kumenya. Tulikwenda naye kupima. Hasi, kama mimi. Daktari akamweleza kwamba kaka alipona kwa kuwa alikuwa wa kwanza, na mimi nilipona kwa kuwa damu yangu ilifanana na yake, mwili wake haukuwa na ugomvi nami. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hapakuwa na mtu?"

Maana alikuwepo mtu. Jirani yetu, mjane, ndiye aliyetajwa miaka ile na mganga. Hakupigwa, lakini hakualikwa tena kwenye shughuli yoyote, na sisi watoto tulikatazwa kupita uwanjani kwake.

Mtoto wangu alizaliwa Januari kabla ya tarehe ya kwenye kadi, B chanya kama baba yake, na nilichomwa sindano ya pili siku iliyofuata. Mama alikuja kunilea. Siku aliporudi nyumbani hakuanzia kwake. Alipitia sokoni akanunua sukari na sabuni, akaenda kwa yule jirani, akakaa jikoni kwake, akamwambia yote: damu, sindano, mtoto, na lile alilomdhania kwa miaka yote hiyo. Akamwomba radhi. Bibi yule, Mama ananiambia, alikaa kimya muda, kisha akauliza kama mjukuu wake anaweza kuwa na damu ya namna hiyo, maana ana mimba na hajaenda popote.

Mama akanipigia palepale, akampa huyo mjukuu simu. Nilimwambia aende wiki hiyo hiyo, asisubiri, na asiondoke kituoni bila kuulizia kundi la damu. Akanijibu mume yuko Chunya machimboni, watamrudisha. Nikamwambia aende hivyo hivyo, na wakimrudisha ampe nesi simu aongee na mimi.