Namba saba

Usiku wa Jumanne, 8 Desemba 2020, nilikuwa kibanda umiza pale Ngamiani, Tanga, nimebanwa kwenye benchi la mbao. Kwenye runinga, PSG walikuwa wakicheza na Istanbul Başakşehir ya Uturuki. Hata robo saa haikufika, mpira ukasimama. Pierre Webo, kocha msaidizi wa Waturuki, alikuwa akilalamika pembeni, na mwamuzi wa akiba, Mromania Sebastian Colțescu, akamwonyesha mwenzake kwa lugha yao: yule mweusi. Webo akala kadi nyekundu, akawaka. Demba Ba, mchezaji wao wa akiba, akainuka benchi akauliza mbona mzungu hamsemi "yule mzungu". Timu zote mbili zikatoka uwanjani.

Kibandani zogo. Wakati huo nilikuwa nachezesha ndondo, mechi za mtaani, kwa hiyo vichwa vikanigeukia: "Refa, hebu tuambie!"

Nikamtetea Mromania. Nikasema kwao "negru" ni mweusi tu, si tusi. Nikasema benchi la ufundi halivai namba mgongoni, na mwamuzi ana sekunde chache za kumtambulisha mtu. Nilinogewa, nakiri, nilisimama kabisa.

Nyuma kijana mmoja akacheka. Ni winga wa mtaani kwetu, babu yake alifungua duka la vitenge hapohapo Ngamiani mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, Refa. Jumapili nilipomchezea rafu yule beki, ulimwambia nini mwamuzi wa mezani?"

Nikanyamaza.

"Ulisema, 'Mwandike yule Mhindi.' Na nilivaa saba. Kubwa, imebandikwa kwa plasta nyeupe."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nikaanza: sikuwa na nia mbaya, mdogo wangu, mbona kila mtu anakuita hivyo, nilitaka tu akutambue... Nikajisikia mwenyewe. Yalikuwa maneno yaleyale niliyotoka kumwazima Mromania, ila mimi hata kisingizio cha namba sikuwa nacho.

Mechi ilimaliziwa kesho yake kwa waamuzi wapya, PSG wakashinda 5-1, Neymar akipiga tatu. Machi, UEFA wakamfungia Colțescu hadi mwisho wa Juni. Kosa wakaliita mwenendo usiofaa. Mimi hakuna aliyenifungia.

Jumapili iliyofuata nilimpa yule kijana kadi ya njano, halali kabisa, nikageukia mezani nikanyoosha vidole saba. Akavihesabu.

"Hata hivyo haikuwa rafu, Refa."