Wakinikatalia, Nitawaletea Ninyi

Sherehe ya kumuaga binti yetu wa pili imepita salama, wageni wamerudi Moshi na Tabora, na baba watoto ameshamalizana na wenye ukumbi. Lakini mimi tangu usiku ule nimebaki na sentensi moja kichwani ambayo haikuhusu harusi hata kidogo. Aliyeitamka ni yule kijana wetu wa zamani, ambaye wasomaji wa siku nyingi wa shajara hii wanamkumbuka kama mwanafunzi aliyekuwa akibaki maktaba hadi taa zinapozimwa, na ambaye sasa ni mtafiti anayeheshimika kuliko wengi wa rika lake.

Alinikuta karibu na meza ya chakula, akanisalimia shikamoo, nikaitikia, nikamwuliza habari za kazi. Akaniambia kwamba utafiti wake mkubwa umekamilika na kwamba ameanza kuuandika. Nikamwuliza, kwa furaha ya mwalimu yeyote, kama jarida letu la tiba, ninalolihariri, nalo litapata makala hiyo. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema: "Mwalimu, nitaanza na kule nje. Wakinikatalia, nitawaletea ninyi." Nikasema, "Karibu sana, baba," na papo hapo nikaitwa kwenda kupigwa picha na wakwe.

Nimeirudia sentensi hiyo nikiwa jikoni, nikiwa ndani ya daladala, nikiwa kwenye kikao cha bodi kilichopitisha bajeti ya mwaka. Nimejaribu kuitamka kwa sauti yake ili nione kama kulikuwa na dharau ndani yake, na sikuiona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu dharau ningeijibu pale pale. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwahidi jirani makombo ya karamu na kuamini kabisa kwamba ametenda wema. Angesema tu kwamba anapeleka nje, nisingekosa usingizi, kwa kuwa kila mtafiti ana haki ya kuchagua mahali pa kuchapisha. Ni ile "wakinikatalia" inayorudi: kwamba sisi tupo kwa ajili ya kilichoshindikana.

Ninaijua hesabu anayoipiga. Kamati za kupandisha vyeo huuliza jarida lina kigezo gani cha athari, na kigezo chenyewe hupatikana kwa kuhesabu manukuu ya mwaka mmoja, yaani mara ambazo watafiti wametaja makala za jarida hilo za miaka miwili iliyotangulia, kisha kuyagawanya kwa idadi ya makala hizo. Manukuu yanayohesabiwa ni yale yaliyomo katika machapisho yaliyosajiliwa kwenye kanzidata ya wapimaji wenyewe. Makala inayomfanya Mganga Mkuu wa Wilaya abadilishe namna anavyoagiza dawa, au inayosomwa kwa sauti katika kikao cha asubuhi cha wodi ya wazazi, haiongezi chochote katika hesabu hiyo hata kama imeokoa watu. Sisemi kwamba kipimo hicho ni cha uongo. Ninasema kwamba hupima mazungumzo ya watafiti wao kwa wao, na kwamba sisi tumekiruhusu kutuambia thamani ya kazi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wengine kabisa.

Nimekuwa nikiiwazia Newala. Mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, wa mwaka 1952 na 1953 ulitokea huko, kusini mwa Tanganyika, kwenye nyanda za Wamakonde, na makala zilizoueleza zilichapishwa London mwaka 1955. Miaka mitatu baadaye Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda katika British Journal of Surgery. Wakati huo Nairobi kulikuwa na East African Medical Journal, jarida lililoanzishwa mwaka 1923 kwa jina la Kenya Medical Journal. Siwalaumu watafiti wale, kwani waliandika pale ambapo wataalamu wenzao walisoma. Ila ninamfikiria tabibu aliyekuwa zamu Newala mwaka ule wa 1955, ambaye ili asome habari za wagonjwa wa wilaya yake mwenyewe alihitaji jarida lisafiri kwa meli kutoka Uingereza. Tulianzisha majarida ya ukanda huu ili tabibu yule asisubiri meli, na tangu African Journals Online, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, ilipoanza mwaka 1998 hakuna tena sababu ya mtu wa Newala kusubiri chochote, mradi sisi tuchapishe kitu kinachostahili kusomwa.

Kufanya kitu hicho kistahili ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi isiyoonekana. Mswada unapofika, kabla ya kuuliza kama una jambo jipya, lazima tujue kama utafiti ulipata kibali cha maadili. Kwa jarida la ukanda hilo lina maana ya kuzifahamu taratibu za taasisi zinazosimamia utafiti, yaani NIMR hapa kwetu Tanzania, UNCST kule Uganda na NACOSTI kule Kenya, kwa sababu karatasi yenye mhuri mzuri si lazima iwe kibali. Kama ni jaribio la tiba, tunatafuta namba ya usajili wake, kwa maana tangu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba wamekubaliana kutopokea jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza, na Afrika ina daftari lake la majaribio hayo lililoko Cape Town. Baada ya hapo tunaanza kutafuta wahakiki, wataalamu wa kuusoma na kuupima mswada, na hapo ndipo siku zinapopotelea. Unamwandikia mtu anayefaa kabisa naye hajibu. Unamwandikia wa pili naye anakubali kisha ananyamaza. Na mwandishi, ambaye pengine ni daktari pekee katika hospitali yake, anangoja akidhani tumemsahau. Nimefikia hatua ya kuamini kwamba jarida linajengwa au linabomoka katika kipindi hicho cha kungoja kuliko mahali pengine popote. Mwandishi aliyekataliwa mapema, kwa barua yenye sababu zinazoeleweka, hurudi. Aliyeachwa kimya huangukia mikononi mwa wale matapeli wanaotuma baruapepe wakiahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo, bila uhakiki wowote.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimejaa majibu ambayo hakuna aliyeyauliza, hadi Jumatano simu ilipoita. Alikuwa yule muuguzi mkunga wa Kanda ya Ziwa ambaye makala yake imo katika toleo tulilolitoa wiki hii. Nilidhani amepiga kushukuru. "Shikamoo, Mama," alisema, "samahani kwa kukusumbua. Katika jedwali la pili mistari miwili imebadilishana nafasi, na kosa liko hata kwenye mswada nilioutuma. Jumla haibadiliki, ila mtu akinukuu mstari mmoja peke yake atanukuu uongo. Ninaomba lisahihishwe kwa jina langu."

Nilimwomba arudie, si kwa kuwa sikusikia. Huyu ni mwandishi ambaye mswada wake wa kwanza haukueleza hata jinsi washiriki walivyopatikana. Mhakiki mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye hatulipi chochote, alimwandikia kurasa nyingi za maelezo yenye ukali na heshima kwa pamoja, akimwelekeza kwenye orodha ya STROBE ya mwaka 2007 inayosema ni mambo gani utafiti wa uchunguzi unapaswa kuyaweka wazi. Mama yule akajibu jambo kwa jambo, na pale asipokuwa na jibu aliandika kwamba hana. Sasa, makala ikiwa imeshatoka na hakuna aliyeligundua kosa lolote, amekaa na kuisoma upya kwa jicho lile lile alilosomewa nalo.

Mjumbe mmoja wa bodi alishauri tulibadilishe faili kimyakimya mtandaoni, yaishe. Nilikataa, na nitakataa kila mara. Sahihisho litatoka kama tangazo lenye tarehe na ukurasa wake, litaunganishwa na makala yenyewe, ili aliyepakua nakala ya kwanza ajue kilichobadilika na aliyekibadilisha. Kwa hakika nilifurahi siku nzima. Mtu hasumbukii mstari wa jedwali katika chapisho analoamini halisomwi. Mkunga yule anaamini kwamba mwenzake, katika wodi nyingine, atalifungua jedwali lile na kulitumia, naye amepiga simu kwa gharama yake ili mwenzake asipotoshwe.

Tangu hapo sentensi ya kijana wetu imepungua ukali, ingawa haijaondoka. Ninapoirudia sasa, najisikia nikimjibu vingine. Simwambii tena habari za Newala. Ninamwambia apeleke makala yake anakotaka, na ninaiombea ikubaliwe huko huko, kwa kuwa ni kazi nzuri. Ninachokihitaji kutoka kwake ni kwamba kila mwezi achukue mswada mmoja wa mtu asiye na mwalimu karibu, ausome kwa ule uhodari wake wa takwimu, na amwandikie mwenye mswada kile ambacho mimi nilimwandikia pembezoni mwa kazi zake alipokuwa mwanafunzi. Makala yake moja isingetuinua sana. Uhakiki wake ungetuinua. Nimeshamtumia barua yenye maneno hayo, bila kutaja sherehe wala meza ya chakula, na bado hajajibu.

Kinachonisumbua usiku huu ni jambo jingine. Mvua za masika zimeanza, na matoleo yetu ya kabla ya mtandao, yale yaliyopigwa chapa kwa karatasi tu, yamo katika kabati la mbao kwenye chumba ambacho dari yake ina doa linalotanuka tangu juzi. Hayajawahi kupigwa skana. Maktaba ya chuo ina baadhi tu, na sijui mahali pengine penye seti kamili. Fedha za kuyanakili zimo katika bajeti iliyopitishwa, lakini hazitatoka kabla ya Julai, na fundi wa paa anadai malipo ya awali ambayo ofisi haina kifungu cha kuyalipa. Kesho nitaomba vijana wawili wa stoo tuyahamishie ghorofa ya pili, japo huko nako waliwahi kuona mchwa.