Kupima viumbe wa ufukweni Jambiani wakati wa bamvua

Angalia mwezi kabla ya kukodi basi la wanafunzi. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hupwa kidogo tu, hayafunui uwanda wa kutosha. Chagua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Unguja, kupwa kwa bamvua huangukia kama saa nne asubuhi, kwa hiyo ingieni saa mbili mkiyafuata maji yanavyotoka. Wengi hushuka maji yakiwa tayari yamekauka, kisha mstari wa mwisho wanaupima huku yakiwapanda magotini.

Fremu ya kuhesabia viumbe tengeneza kwa bomba la plastiki: vipande vinne vya sentimita 50 na kona nne. Itoboe, la sivyo itaelea. Ifume kwa uzi wa nailoni kila sentimita 10; utapata miraba 25, kila mmoja asilimia 4. Hapo kukadiria nyasi za baharini si kubahatisha tena.

Tandaza kamba ya mita 50 kuelekea baharini, weka fremu kila mita 5 upande wa kulia, tembeeni kushoto tu. Mwanafunzi akiachiwa uhuru ataisogeza palipo na kiti cha pweza (yule kiumbe wa umbo la nyota), na takwimu zote zimeharibika. Jongoo bahari aliyelala ukingoni? Kati ya walio ukingoni, hesabu wanaogusa moja ya pande mbili mlizokubaliana, wa pande nyingine waache.

Andikeni kwa penseli, wino huyeyuka. Viatu vya soli ngumu, si ndala. Konokono wa umbo la pia msimshike hata akionekana mtupu: sumu yake huua.

Na vigingi vya mwani vina wenyewe. Zungukeni.