Ijumaa ya Mwisho ya Oktoba: Futiboli ya Shule Katika Miji Inayofurika Watu ya Texas

Ukitaka kujua kama timu ya sekondari ya Texas itatesa au itateswa misimu 2 ijayo, usianze na kocha. Anza na daftari la mahudhurio. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba shule za serikali za jimbo hilo huhesabu wanafunzi wake, na kila baada ya miaka 2 hesabu ya darasa la 9 hadi la 12 hupelekwa UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule Texas. Mapema Februari ya mwaka unaofuata UIL hutangaza madaraja mapya na makundi mapya. Asubuhi hiyo makocha wanashinda kwenye simu wakitafuta wapinzani wa kujaza wiki zilizobaki wazi.

Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya Kimarekani: mpira uliochongoka ncha mbili, helmeti, watu 11 kwa 11, majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Soka nayo ipo katika shule hizo, ila siyo inayojaza uwanja Ijumaa usiku.

Madaraja ni 6, kuanzia 1A hadi 6A. Katika mpangilio wa 2024, 6A ilianzia wanafunzi 2,275, na 5A ilikuwa 1,315 hadi 2,274. Sasa chukua shule yenye wanafunzi 2,250 siku ya hesabu. Imeangukia 5A kwa tofauti ya darasa moja. Ng'ambo ya barabara wajenzi wanakabidhi nyumba 800, na kufika msimu wa pili shule ina wanafunzi 2,600, huku ikicheza na jirani mwenye 2,000. Jirani analalamika na nionavyo ana haki, lakini hakuna kanuni iliyovunjwa. Hesabu inayofuata inaipandisha shule hiyo 6A, ambako hakuna kikomo cha juu, na rekodi ya ushindi 9 kwa kipigo 1 inageuka kuwa 2 kwa 8. Kocha ni yule yule, mazoezi ni yale yale. Wazazi wanataka kichwa cha kocha, na hakuna hata mmoja aliyefungua orodha ya uandikishaji.

6A ina dawa yake ndogo. Timu 4 zinazofuzu kutoka kila kundi hugawanywa kwa ukubwa wa shule: 2 zenye wanafunzi wengi zinaingia mtoano wa Divisheni ya Kwanza, 2 zenye wachache zinaingia wa Pili. Ndiyo maana bingwa wa kundi anaweza kujikuta kwenye mtoano "mdogo" na aliyeshika nafasi ya 4 akawa kwenye "mkubwa". Mgeni akiona hivyo hudhani jedwali limekosewa.

Miji miwili jirani kaskazini ya Dallas inaonyesha vizuri uamuzi ambao mji unaokua hauwezi kuukwepa. Allen ilikuwa na watu 43,554 mwaka 2000, na 104,627 mwaka 2020. Frisco katika miaka hiyo hiyo ilitoka 33,714 ikafika 200,509. Allen ilibaki na sekondari ya juu moja, yenye wanafunzi zaidi ya 5,000. Frisco, ambayo hadi 2003 ilikuwa na sekondari moja tu, ilishika sera ya shule za ukubwa wa wastani, takribani wanafunzi 2,100 kila moja, ikaendelea kujenga mpaka ya 12, Panther Creek, ilipofunguliwa 2022.

Kwa upande wa mataji, Allen imevuna: 2008, 2012, 2013, 2014 na 2017. Matatu ya mfululizo yalikuja na Kyler Murray, aliyeanza mechi 42 za shule bila kupoteza hata moja, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, yaani ugawaji wa wachezaji wapya kwa timu za ligi ya kulipwa. Frisco haina kabati la namna hiyo. Lakini hesabu nyingine haisemwi sana. Timu ina nafasi 22 za kuanza, 11 za kushambulia na 11 za kulinda. Allen yote ina nafasi 22. Frisco, kwa shule 12, ina nafasi 264. Weka juu yake wapiga ngoma wa mbele, viongozi wa bendi, wahariri wa gazeti la shule. Mimi naegemea upande wa Frisco, na najua shabiki wa Allen atacheka, kwa kuwa yeye ana pete za ubingwa na mimi nina jibu la kuzidisha.

Uwanja nao hufuata uamuzi huo. Allen ilijenga wake, watu 18,000, kwa takribani dola milioni 60, fedha zikitoka kwenye hatifungani ya dola milioni 119 iliyopigiwa kura 2009. Ulifunguliwa 2012. Februari 2014 ukafungwa kwa sababu zege la njia za kupitia mashabiki lilikuwa na nyufa, na uchunguzi ukakuta kasoro za usanifu na za ujenzi. Ukafunguliwa tena 2015. Frisco haikujenga viwanja 12. Shule zake zinagawana vichache, kimojawapo kikiwa ukumbi wa ndani wa Ford Center wenye viti 12,000, uliofunguliwa 2016 kwa kushirikiana na Dallas Cowboys, timu ya NFL. Gharama ya kugawana ni ratiba: shule nyingine hucheza Alhamisi, na mtoto aliyetoka uwanjani saa 4 usiku ana mtihani wa hisabati kesho yake.

Kila pakitajwa uwanja mtu huuliza kwa nini fedha hizo hazikupewa walimu. Jibu la kisheria ni fupi. Wilaya za shule za Texas zina bodi zao za kuchaguliwa na kodi zao za majengo, na kodi hiyo ina mifuko miwili: wa uendeshaji, unaolipa mishahara, na wa kulipia madeni ya ujenzi. Fedha za hatifungani haziruhusiwi kulipa mshahara. Tangu sheria ya 2019, uwanja wenye viti zaidi ya 1,000 lazima upigiwe kura peke yake, usifichwe ndani ya kifurushi cha madarasa, na karatasi ya kura lazima iseme kwa herufi kubwa kwamba hili ni ongezeko la kodi ya majengo. Anayelipa mifuko yote miwili ni mwenye nyumba yule yule, kwa hiyo jibu la kisheria halijawahi kumtuliza mtu.

Haya, tuseme mji umeamua kufungua shule ya pili. Kwa kawaida shule mpya huanza na darasa la 9 na la 10, pengine la 11, na wa darasa la 12 huachwa wamalizie walikoanzia. Kosa la kwanza huzaliwa hapo: mtu anataka timu ya kwanza, yaani kikosi kikuu cha shule, mwaka ule ule, kwa vijana wa miaka 15. Mkimbiaji wa miaka 15 anaweza kujitetea kwa mbio. Mchezaji wa mstari wa mbele hana pa kukimbilia. Anasukumana uso kwa uso na mtu wa miaka 18 mwenye kilo 30 zaidi, mara 60 kwa usiku mmoja, na kufika mechi ya 4 una bega, goti, na mvulana anayetafuta sababu ya kutokuja mazoezini. Mwaka wa kwanza chezesha vikosi vya chini tu. Timu ya kwanza iingie mwaka wa pili, na iingie sambamba na mzunguko wa UIL wa miaka 2. Ukiukosa, msimu mzima utakuwa wa kuombaomba mechi nje ya kundi.

Kocha mkuu aajiriwe si baada ya Januari kwa shule itakayofunguliwa Agosti. Kazi yake ya kwanza si kuchora mbinu, ni kwenda shule za kati, maana Texas futiboli ya shule huanza darasa la 7, na akikuta wamefundishwa majina tofauti ya mbinu zile zile atapoteza miezi miwili kuwafundisha lugha. Kazi ya pili ni helmeti. Kwa vijana 100 agiza 115 au 120, takribani nusu ziwe saizi kubwa, zilizobaki zigawanywe kati ya ya kati na kubwa zaidi. Wanaoagiza sawa kwa sawa huishia na rafu ya helmeti ndogo zisizovaliwa na foleni ya vijana wasio na kitu. Andika mwaka wa kutengenezwa wa kila moja: kampuni za ukarabati hazipokei iliyozidi miaka 10. Zitume kukarabatiwa mara msimu unapoisha, si Mei, la sivyo zitarudi mazoezi yameshaanza.

Kuivalisha ni dakika 5 kwa kichwa, na hizo dakika 5 ndizo zinazorukwa. Pima mzunguko wa kichwa sentimita 2.5 juu ya nyusi. Ikivaliwa, ukingo wa mbele ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi, matundu yalingane na masikio, pedi za mashavu ziguse pande zote. Funga kamba ya kidevu, shika kizuizi cha uso, mwambie kijana akaze shingo, kisha zungusha taratibu kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso inapaswa kwenda pamoja na helmeti. Helmeti ikiteleza peke yake, imelegea. Rudia kila wiki, kwa kuwa mifuko ya hewa huvuja, na rudia kijana akinyoa au akisuka. Aliyepimwa Agosti akiwa na nywele nyingi, Septemba akaja na kipara, amevaa helmeti ya mtu mwingine.

Joto la Agosti halina msamaha. Kanuni ya UIL: siku 2 za kwanza helmeti tu, siku ya 3 na ya 4 ongeza pedi za mabega, siku ya 5 ndipo vazi kamili. Msimu ukianza, kila mchezaji ana kikomo cha dakika 90 za kugongana kikamilifu kwa wiki. Shule mpya yenye wachezaji wachache huvunja kikomo hiki bila kukusudia, kwa sababu kijana mmoja yuko kwenye kushambulia na kulinda. Makocha wawili wanamhesabia kila mmoja dakika zake, na hakuna anayejumlisha. Dawa ni karatasi moja ukutani yenye majina, na mtu mmoja mwenye saa.

Halafu kuna familia mpya, ambazo ndizo zilizosababisha yote haya. Miji hii imejaa watu waliotoka majimbo mengine na nchi nyingine, na Texas imepokea pia familia za Wakongomani zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Mzazi aliyekulia kwenye soka haelewi kwa nini mtoto aliyehamia shule anatakiwa kujaziwa fomu ya historia ya michezo na shule aliyotoka, au kwa nini anuani ya nyumba inakaguliwa. Asipoelezwa mapema mtoto hukaa benchi wiki kadhaa kwa ajili ya karatasi, siyo kiwango. Uchunguzi wa daktari unatakiwa angalau mwaka wa 1 na wa 3 wa sekondari, na historia ya afya kila mwaka. Ya kuuma zaidi ni sheria ya 1984: alama chini ya 70 katika somo lolote, isipokuwa ya ngazi ya juu yaliyosamehewa, mwisho wa kipindi cha tathmini, hakuna kucheza kwa angalau wiki 3. Mazoezi anaruhusiwa. Tathmini ya kwanza huangukia katikati ya msimu, wakati mechi za kundi zimeanza, na kocha asiyeangalia alama wiki ya 4 atashtuka wiki ya 6. Na usisahau kuwauliza hao watoto wa soka nani anapiga mpira mbali. Mpiga teke wa shule mpya mara nyingi anatoka kwao.

Kukua nako kuna mwisho. Nyumba zilizojaa watoto miaka 20 iliyopita sasa zina wazazi peke yao, na bei yake haimruhusu kijana mwenye mtoto mchanga kuzinunua. Plano, mji uliokuwa mfano wa ukuaji na ambao timu yake ya Plano Senior ilichukua mataji 7 ya jimbo kati ya 1965 na 1994, uliamua mwaka 2024 kufunga shule 4, mbili za msingi na mbili za kati.

Na mbali na barabara kuu, vijijini, hesabu ya Oktoba inasomwa kwa hofu ya aina nyingine. Katika mpangilio huo wa 2024, 1A ilikuwa wanafunzi 104.9 kushuka, naam, na nukta yake. Huko huchezwa futiboli ya watu 6: uwanja wa yadi 80 kwa 40, yadi 15 badala ya 10, kila mchezaji anaruhusiwa kudaka pasi, na goli la teke ni pointi 4 kwa kuwa kupata watu wa kumkinga mpigaji ni shida. Timu ikiongoza kwa pointi 45 wakati wa mapumziko au baadaye, mechi inaishia hapo. Mchezo huu ulibuniwa Nebraska mwaka 1934 kwa shule zisizoweza kupata watu 11, na vijiji vya Texas bado vinauhitaji. Kocha wake huendesha pia basi la shule, na Jumatatu akiambiwa familia moja yenye wavulana wawili inahamia Frisco, anapoteza theluthi ya kikosi chake kinachoanza.